Saruji Uani mwa Kanisa

Mjukuu wangu mkaidi,

Mimi mzima, ila miguu ndiyo inanigomea. Mwanao anakula vizuri na amejifunza kuvaa viatu. Cha kushoto anakivaa kulia, lakini anavaa mwenyewe.

Sasa ifute hiyo habari yako ya kuacha kazi. Nani alikutuma usikilize umbea kwamba chumba cha watoto kanisani kinafungwa? Ni kweli afisa wa kodi alikuja kanisani. Alimkuta shemeji wa mchungaji anauza saruji na misumari uani kwetu, amejificha kwenye msamaha wa kodi wa kanisa. Afisa akasema duka likibaki, msamaha utafutwa wote, hata wa chumba cha kulelea watoto anakoshinda mwanao. Chumba kikifungwa, mwanao nitamkimbiza kwa miguu ipi?

Jumapili nikasimama kabla ya sadaka. "Mchungaji, saruji nayo inasali?"

Shemeji mtu akaruka. "Bibi, mimi natoa sadaka nono!"

"Toa na kodi, baba. Watoto wetu si mwavuli wako."

Kanisa zima likaangua kicheko, mchungaji akatazama viatu vyake. Kesho yake duka likahamia sokoni.

Jana afisa alirudi, akakagua, akasema msamaha unabaki. Kisha akanivuta pembeni, akauliza kama kuna nafasi ya mtoto wake. Nikamwambia apange foleni kama wengine.

Basi wewe shika kazi yako, na mwisho wa mwezi uje umwone mwanao. Visingizio sitaki.

Ni mimi bibi yako, nisiyebembeleza mtu.