Mstari wa Kijani wa Mwakio

Jumatatu, 3 Machi
Asubuhi kama zingine. Chai, kompyuta, kisha simu kwa Mwakio kule kiwandani, upande wa Mwatate. Yeye ndiye anayeendesha mashine ya kushindilia nyuzi za mkonge na kuzifunga robota. Mimi, hapa ofisini Voi, napokea oda za wateja. Namwuliza amefunga robota ngapi, naandika. Kisha ananiambia mengine ambayo sikuuliza. Leo: ukungu umeshuka kutoka Ronge, kwao milimani, umefunika mashamba yote, ni kama wanafanya kazi ndani ya maziwa. Nimekaa na hayo maziwa kichwani mpaka saa ya chakula.
Miaka yote hii hatujaonana. Napenda sauti yake. Sina la kuongeza.

Alhamisi, 6 Machi
Mhandisi amekuja kutoka Nairobi, msichana mpole, Wambui. Anaunganisha kompyuta yangu na skrini mpya iliyofungwa kando ya mashine ya Mwakio. Nikiingiza oda hapa, inatokea kwake papo hapo. Mashine yake ikitembea, naona. Ikisimama, yeye anagusa sababu kwenye skrini, nami nasoma. Meneja amefurahi. Amepiga makofi peke yake.
Hakuna haja ya kupigiana simu tena. Ndivyo alivyosema.

Jumanne, 11 Machi
Siku ya kwanza. Mwakio sasa ni mstari wa kijani unaopita polepole mbele yangu. Mashine ikisimama, unageuka mwekundu. Ni kazi nzuri, siwezi kukataa. Mteja wa Mombasa alituma oda, na kabla chai yangu haijapoa mashine ilikuwa imeshaianza.
Mchana nimesinzia macho wazi. Nikaona nyuzi zimeanikwa kwenye waya, nyeupe, ndefu, kama nywele za wanawake waliolala chali mashambani. Natembea katikati, natafuta mtu. Treni ikapiga honi, nikarudi mezani.
Simu haikulia.

Jumatatu, 17 Machi
Nyekundu, nyekundu. Mashine inasimama ovyo, na sababu anazogusa hazina maana. Amegusa "hakuna nyuzi" wakati nyuzi zimejaa mpaka mlangoni. Mbaya zaidi: oda ilisema nyuzi ndefu, daraja la kwanza. Akathibitisha. Kisha akafunga fupi. Mteja amerudisha lori zima.
Meneja anasema Mwakio anagomea mfumo. Wambui ameukagua, hauna kasoro. Kikao ni Ijumaa. Wanataka kumtoa.
Nimempigia. "Madam Akinyi, usinipigie," akasema. "Watasema natafuta huruma." Akakata.
Nimeumia. Nimekasirika pia.

Jumatano, 19 Machi
Nimepanda lori la kampuni mpaka kiwandani. Sikumwambia mtu sababu. Njia yote mkonge, safu baada ya safu, mpaka ikawa kama hatuendi popote, ni shamba ndilo linalotupita.
Nilimtambua kabla hajasema neno. Mtu mrefu, mvi kando ya masikio, pua yake karibu iguse skrini. Wanawake wawili kando yake wanajaza nyuzi mashineni kwa mikono. Nikasimama mbele yake. Alinitazama begani.
"Karibu. Ni nani?"
"Ni Akinyi."
Uso wake ukafunguka. Akanyoosha mkono, ukaukosa wangu, ukashika hewa. Ndipo nikaelewa.
Tulikaa nje, kivulini. Macho yalianza kufifia mwaka jana. Mashine ilipokuwa na vitufe, mkono ulivijua wenyewe. Sasa ni kioo laini na maandishi madogo, anagusa kwa kubahatisha. Hajamwambia mtu. Mkewe alishafariki, watoto wako mbali, na kazi hii ndiyo inayomwamsha asubuhi.
"Usiseme, Madam. Kipofu hapewi mashine."
Sikuahidi. Sikukataa pia. Kurudi Voi nilifikiria mikono ya wale wanawake.

Ijumaa, 21 Machi
Nimesema.
Meneja alikuwa ameshafika kwenye habari ya barua ya kufukuzwa. Nikasimama. Nikasema mtu huyu hagomi, haoni, na kuna watu wanaingiza mikono kwenye mashine ile. Mwakio akageuza uso kule sauti yangu ilikotoka. Sitausahau uso ule.
Amepewa likizo akatibiwe, nafasi yake itamngoja. Wambui anasema ataongeza ukubwa wa maandishi. Alisema polepole, kama mtu anayeomba radhi. Mwakio ametoka akipapasa ukuta. Hakuniaga.
Nimemwokoa au nimemsaliti? Sijui. Nimelia chooni, nikanawa uso, nikaendelea na oda.

Jumamosi, 29 Machi
Mstari unapita, kijani, lakini ni wa mtu mwingine. Siutazami.
Joto la Voi halina huruma. Nimelala mchana. Nimeota ukungu umenifika shingoni, naita, na sauti inayotoka si yangu. Nimeamka nikijua jina nililokuwa naita.

Alhamisi, 10 Aprili
Dada yake Mwakio, Mama Mghoi, amenipigia kutoka Ronge. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia limeshapasuliwa.
"Anasema uje ukiweza."
Nikauliza kama bado amekasirika. Akacheka. "Alinuna wee, mpaka tukachoka. Sasa anauliza wewe ukoje, na mimi sikujui."

Jumapili, 27 Aprili
Ronge. Mvua ya jana imeacha migomba ikidondoka maji. Mwakio alitoka mlangoni na miwani myeusi, akaivua. Akanitazama kwa muda mrefu, bila haya. Nilisimama tu, viatu vimejaa matope.
"Nilidhani wewe ni mrefu," akasema.
"Mimi nilidhani umenichukia."
"Nilikuchukia. Imeisha."
Atarudi kazini jicho la pili likishapona. Hatukulizungumzia sana. Mama Mghoi alileta ungo wa maharagwe ya kupika. Mwakio akaupakata, akaanza kutoa mawe, madogo madogo, moja moja, akiyapanga kwenye ukingo wa benchi. Hakuna aliyemsaidia. Nilikaa kando yake. Tulikaa hivyo mpaka maharagwe yakawa safi.