Sauti Sitini na Moja za Mutheu

Mutheu, Mwalimu wangu,

Ninakuandikia kwa mkono wa kulia. Wa kushoto nimeukalia. Usicheke. Mezani kuna laptop ya duka, ndani yake kuna ile skrini yako nyeusi, na kwenye skrini kuna mstari mmoja nilioukamilisha, unangoja tu nibonyeze Enter. Nimeukalia mkono kwa sababu siuamini. Mara ya mwisho nilipouamini ulifuta sauti yako.

Nimeanza na lile baya ili nisizunguke. Unajua ninavyozunguka. Ulikuwa ukiniambia, "Mzee Kimeu, ukitumwa chumvi unaanza na historia ya bahari." Basi leo nimeanza na chumvi yenyewe.

Ni miezi saba tangu tukuzike kwenu Kasikeu. Duka letu hapa Tawa bado liko. Picha za pasipoti bado zinanitoka watu wote wakiwa kama wameshtakiwa. Laptop yako ilikufa wiki mbili baada yako: stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, ikanuka kidogo, basi. Fundi aliifungua akatikisa kichwa kama daktari. Sikuogopa siku hiyo. Nilimwambia kwa maringo kwamba vitu vya Mutheu havikai kwa mashine, vinakaa kwenye wingu. Nilisema hivyo mimi, yule niliyekuuliza kama umezaliwa huku kweli, uliponiambia picha za wateja zitawekwa kwenye wingu. Watu wa Ukambani tumeangalia mawingu yakija, yakituzunguka, yakienda kunyesha kwa wengine. Nani atayakabidhi picha za harusi? Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Nilikuwa na miaka arobaini na nane ulipokodi kona ya duka langu, mpiga picha aliyekimbiwa na filamu. Wewe ulikuwa na ishirini na tisa. Kufikia mwisho wa mwaka, wewe ndiye mwenye duka na mimi ndiye mwanafunzi. Uliniketisha mbele ya hiyo skrini isiyo na picha, isiyo na kitu cha kubofya, ukasema: "Hapa hauombi, unaamuru. Lakini ukiamuru vibaya, itatii vibaya vilevile." Herufi ndogo zote. Majina bila nafasi. Folda moja kwa kila mwenye kazi. *Copy* inapeleka tu, haigusi kilichoko kule. *Sync* inafanya kule pawe sawasawa na hapa, na kisichokuwa hapa, kule kinaondolewa. Ulinieleza mara ngapi? Nilitingisha kichwa kila mara. Unajua kutingisha kichwa kwangu.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Ndugu yako mdogo alipata mtoto. Msichana. Bila shaka walimpa jina lako, angepewa la nani? Mama yako alimbeba akamleta mpaka hapa dukani, akaniambia, "Kimeu, Mutheu amerudi, mpige picha." Nilimpiga nne. Katika zote amekunja uso kama wewe ukiona nimeweka nafasi kwenye jina la faili. Nilifurahi, Mwalimu. Nilifurahi mpaka nikataka picha zake zilale mahali salama kabla ya jua kutua. Nikatengeneza folda kwenye laptop ya duka. Nikaipa jina lake kama ulivyonifundisha, herufi ndogo zote, *mutheu*.

Halafu nikaandika amri ya Ijumaa. Ile tu ndiyo niliyokuwa nayo kichwani, ile ya kupeleka kazi ya wiki, na ile ya Ijumaa ni *sync*. Nikabadilisha jina la folda mwisho wa mstari. Ulikuwa umenionya nisibonyeze chochote bila kuongeza *--dry-run*, ili mashine iseme kwanza itafanya nini, bila kukifanya. Sikuiongeza. Niliona ni picha nne tu za mtoto.

Kule juu tayari kulikuwa na folda inayoitwa *mutheu*. Yako. Zile sauti sitini na moja ulizojirekodi kwa simu kila ulipotoka hospitali, ukimwachia mwanao Ndanu. Kule palikuwa na sitini na moja, hapa palikuwa na picha nne. Nikaamuru pawe sawasawa. Pakawa sawasawa.

Niliona neno *deleted* likipita na nambari. Nikadhani ni mambo yake ya ndani. Nilienda kumpigia mteja fotokopi. Niliporudi nikaomba orodha ya folda, nikaona mistari minne. Nikaomba tena. Minne.

Lazima nikukumbushe agano letu, ingawa ni wewe uliyeliweka. Sauti moja kila Jumapili baada ya kanisa, kwa mpangilio, mlango umefungwa. Ndanu peke yake ndani, mimi na mama yako nje kwenye benchi. Sijawahi kusikia hata moja. Sijui kama ni hadithi, ni maombi, au ni jinsi ya kupika muthokoi. Ninachokijua ni kicheko cha Ndanu kikipenya mlangoni, na siku nyingine kimya kirefu, na akitoka anasema tu, "Mama anawasalimia." Kila Jumapili. Mama yako anajibu, "Tumepokea." Mtoto wa miaka tisa anatuletea salamu zako kama mtu aliyetoka kukutembelea. Alikuwa amefika ya ishirini na mbili.

Jumapili ya kwanza nilimwambia stima imepotea. Taa ya jirani ilikuwa inawaka. Ndanu aliiangalia, akaniangalia, akaniaga kwa heshima. Ya pili nikasema bando limeisha. Ya tatu nikasema spika ina maji. Maji, Mwalimu, katika duka ambalo hata ndoo haina maji. Ya nne nilishindwa kutunga. Nilimtumia mama yako ujumbe kwamba niko Kyuso, nimeitwa kupiga picha za harusi, nikafunga mlango kwa ndani na kwenda kujificha nyuma ya lile pazia la maua tunalopigia picha za familia.

Mtu mzima. Mzee wa kanisa. Nimekunja magoti nyuma ya maua ya plastiki.

Walikuja tu. Nadhani Ndanu alisisitiza, labda niwe nimerudi. Alibisha mara tatu, polepole, kama ulivyomfundisha. Nilizuia pumzi. Kisha nikamsikia akimuuliza nyanya yake, "Susu, labda Mama amechoka kuongea?"

Nilingoja mama yako ajibu kwa niaba yangu. Akasema tu, "Twende, mwaitu, jua ni kali." Nikasikia viatu vikiondoka.

Nimeogopa vitu vingi maishani. Nimeogopa nyoka, nimeogopa mwalimu mkuu, nimeogopa siku ulipotoka kwa daktari ukaniambia tukae kwanza kwenye benchi. Lakini hofu ya kukaa nyuma ya pazia huku mtoto anaenda nyumbani akidhani mama yake amemchoka, hiyo sikuwa nimewahi kukutana nayo. Ilinikalia kifuani. Bado iko.

Huko nyuma ya pazia nilikuwa nimekalia sanduku lako. Lile la bati. Tangu uondoke sikulifungua, kwa sababu ya mwandiko wako. Watu wanaogopa picha za marehemu, mimi picha ni kazi yangu. Mwandiko ndio sikuweza. Siku hiyo nililifungua kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuangalia. Daftari la amri, lile ulilokuwa ukiniandikia masomo, lilikuwa juu kabisa. Nikafungua kurasa za kwanza, zile ninazozijua, nikaendelea, nikafika ukurasa wa mwisho. Wino mwekundu:

"Mzee Kimeu. Ukifika hapa umefuta kitu. Kaa chini. Usibonyeze chochote. Kunywa chai. Chai iwe mbali na kitabu."

Nililia, halafu nikacheka, halafu nikaogopa upya, maana chini uliandika kwamba wingu letu halitupi kitu papo hapo. Uliliambia lifiche kilichofutwa kwa siku thelathini, na ya thelathini ikiisha kimeenda. "Nililiweka hivyo kwa ajili yako," uliandika. "Wengine hawahitaji."

Asante kwa dharau hiyo. Nimeisoma kama zaburi.

Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu kwa kalenda ya kanisa. Hiyo Jumapili ilikuwa siku ya ishirini na tano. Jumatatu nikaja mapema, na stima ikapotea kweli. Transfoma. Jumanne pia, siku nzima. Yule aliyemdanganya mtoto kuhusu stima alikaa gizani siku mbili akiangalia laptop isiyo na chaji, na nakuambia sikumlaumu mtu. Jana, siku ya ishirini na nane, stima ikarudi saa tisa. Niliandika mstari wako wa kuorodhesha, pamoja na lile neno la mwisho la kuonyesha na vilivyofichwa. Herufi kwa herufi, kidole kwenye daftari, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Ziko. Zote. Sitini na moja, kila moja na tarehe yake mkiani. Nilizihesabu mara mbili nikitia alama kwa penseli. Kisha nikazima kila kitu nikaenda nyumbani, kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka, na uliniambia mtu anayetetemeka haamuru.

Leo ni Alhamisi, siku ya ishirini na tisa. Soko limejaa, mtu anauza ndengu hapo nje kwa sauti kubwa, na mimi nimefunga mlango. Nimeandika mstari wa kurudisha. Ni *copy*. Nimeusoma kwa sauti: *copy*, *copy*, *copy*. Unazipeleka kwenye folda mpya isiyo na jina la mtu mwingine. Nimeongeza *--dry-run*. Mashine imesema ingefanya hivi na hivi, sitini na moja, na haijafanya chochote. Sasa nimeiondoa *--dry-run*. Mstari ni mtupu, ni wa kweli.

Na hapo ndipo nilipokwama, nikachukua karatasi. Nikikosea tena, hakuna ukurasa mwingine baada ya ule wa mwisho. Nimeangalia. Nimeangalia hata ndani ya jalada.

Ulikuwa ukisimama nyuma yangu wakati kama huu. Ungegonga kiti kwa ukucha mara moja, maana yake endelea. Nimejaribu kujigongea mwenyewe. Si sawa.

Haya. Natoa mkono.

Nimebonyeza.

Inaenda. Ya kwanza. Ya pili. Ninaandika bila kuangalia karatasi, nisamehe mwandiko. Ya tisa. Ya kumi na nane. Yule wa ndengu amenyamaza, au ni masikio yangu. Ya thelathini na saba imesimama.

Imesimama, Mutheu.

Nimekumbuka ulivyosema nisiguse. Net ikikatika ikirudi itaendelea yenyewe. Anayeharibu ni yule anayebonyeza kwa hofu. Nimeukalia mkono tena. Nimeomba, kwa Kikamba, maana kwa Kiswahili ningeanza kuchagua maneno. Nimeangalia ukuta mahali uliposhikilia siku ya wingu.

Imetembea. Thelathini na nane.

Sitini na moja.

Nimefanya ukaguzi ulivyoandika, ule wa kulinganisha bila kufungua. Hakuna tofauti hata moja. Kwa kweli kidole kilitaka kufungua moja tu, nihakikishe, nikusikie ukiniita Mzee Kimeu. Sikufungua. Si zangu. Kisha nimenakili zote kwenye flashi mpya, nitampa mama yako aiweke pale anapoweka hati ya shamba. Na mtoto nimemhamishia folda yake, *mutheu-mdogo*. Ana maisha yake ya kujaza.

Nilidhani hofu ingeisha hapa. Haijaisha, imehamia Jumapili. Kwa sababu ningeweza kufungua mlango nikasema spika imekauka, na hakuna ambaye angejua. Lakini yule mtoto amebeba lile swali lake siku nne sasa. Spika iliyokauka hailijibu.

Kwa hivyo nakuahidi hivi. Jumapili nitafungua mlango kabla hawajafika. Kabla Ndanu hajakaa nitamwambia: Mama yako hakuchoka. Ni mimi niliyekosea, nikaogopa, nikakudanganya mara tatu, na mara ya nne nilikuwa hapo nyuma ya maua nikikusikia. Nitasema mbele ya Susu wake. Sijui ataniangalia vipi. Ana macho yako, unajua ninavyoyaogopa. Kisha nitamwekea ya ishirini na tatu, nitoke, nifunge mlango, nikae kwenye benchi ningoje salamu kama kuna zangu.

Pumzika, Mwalimu. Daftari liko wazi mbele yangu, ukurasa wa mwisho, na mwandiko wako hauniumi kama nilivyodhani. Nimejimiminia kikombe cha chai sasa. Nimekiweka kule dirishani.

Mwanafunzi wako mgumu,
Kimeu