Jina Langu Lilikuwa Ndani

Dada mpenzi,

Shangazi tulimzika jana mchana, watu walijaa, na Mama ameanza kula kidogo.

Leo kazini niliangalia, kama kawaida yangu, kila mtumiaji amekaa muda gani ndani ya kompyuta yetu kuu ya Linux. Jina langu la kuingilia lilikuwa limeingia jana, nikiwa makaburini, na bado lilikuwa ndani! Mtu anafanya mambo yake kwa jina langu, na yakiharibika nitabebeshwa mimi. Nikamtoa humo kwa amri moja.

Papo hapo mkurugenzi akatoka ofisini kwake akifoka, “Nani amenitoa?”

Akanitazama, akatabasamu. “Wewe, njoo. Funga na mlango.”

Sikwenda, Dada. Nilichukua mkoba nikakimbia. Wakikupigia kuniulizia, sema hujui niliko.

Ni mimi, kitindamimba wenu