Chupa Uliyotuma Ameichukua Mama

Mume wangu,

Mfamasia wa mtaani amesema leo asubuhi nisiinywe ile chupa uliyonitumia uliposikia nimechoka. Ni mafuta ya ini la samaki, na vitamini A iliyomo ni nyingi mno kwa hali yangu. Amenibadilishia mafuta ya samaki ya kawaida, yanayotoka kwenye minofu.

Usisikitike, chupa haikutupwa. Mama yako ameidaka: "Lete huku, mwanangu. Mimi sina mimba, nina magoti tu." Akanywa kijiko, akakunja uso, akasema samaki huyo alikufa na kinyongo.

Basi umeshajua. Ni mwezi wa nne. Mama alinishtukia mwenyewe, nilipokimbia harufu ya vitunguu. Zile mimba mbili zilizotangulia nilikuambia mapema, ukanunua nguo za mtoto, kisha ukazigawa peke yako. Safari hii nilitaka kuogopa kwa niaba yetu wote wawili, lakini nimechoka kuogopa peke yangu.

Bomba la jikoni limetengenezwa, halivuji tena.

Jumanne saa tatu asubuhi daktari atasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Mama atanisindikiza. Nitakupigia saa nne, vyovyote itakavyokuwa. Usinunue kitu kabla ya hapo.

Mkeo