Picha ya Kifua cha Babu Yako

Mjukuu wangu Kabula, hapa Nyahanga hatujambo, mama yako amemaliza kuvuna mpunga. Umeuliza kama naamini picha ya kifua inaweza kujua nani atazidiwa. Bado naishuku.

Kipindi cha korona babu yako alirudi kutoka machimboni Mwakitolyo akikohoa. Hospitalini aliingia kwa miguu yake. Daktari, mwanamke mpole, akaitazama picha ya kifua aliyopigwa.

"Mama, mzee atazidiwa. Tumlaze."

"Mtu aliyemaliza ugali asubuhi hii?" nikamuuliza. "Mna lenu jambo."

"Mapafu yameanza kujaa. Yeye bado hajahisi."

Babu yako akainuka tuondoke. Daktari hakubishana, akasogeza mtungi wa oksijeni kando ya kitanda. Utulivu ule ulinitia hofu kuliko maneno yake.

"Baba Masanja, kaa," nikamwambia babu yako.

Kesho yake alishindwa hata kuniita jina. Mtungi ulikuwa tayari.

Alipona. Mpaka leo anadai kulazwa ndiko kulikomzidishia ugonjwa, picha haikujua lolote. Pengine. Namwacha abishe asubuhi nzima, nami nasikiliza anavyopumua vizuri.

Akupendaye, bibi yako.