Sauti Kutoka Studio ya Chini

Nyumbani kwenu,
Chumba cha uani,
Jumapili, 14 Agosti.

Mpendwa Chiriku, binti mjomba wangu wa pekee,

Kwanza pokea salamu, tena salamu za mtu aliyekaa chini akatulia, si zile tunazorushiana kwenye simu huku tunavuka barabara. U mzima? Miguu imepungua kuvimba, au bado wanakupanga zamu mbili mfululizo huko wodini? Na yule jirani wa juu yako, bado anaburuta viti kama mtu anayehama kila siku? Sisi huku hatujambo. Mama yangu, shangazi yako, magoti yanamsumbua, ila ulimi mzima kabisa, kwa hiyo nyumba iko salama.

Baba yako anaendelea vizuri. Nyonga imeanza kushika, anasimama kwa gongo, na tayari amemwambia daktari kwamba gongo lenyewe limekatwa vibaya. Ukiona Mjomba anakosoa, jua anapona.

Kwenye simu nilikwambia aliteleza. Aliteleza kweli. Ila aliteleza wapi, na tulimpataje, hayo nimeyabeba kifuani mpaka leo. Si mambo ya kusema huku mtandao unakatikakatika, na isitoshe Mjomba ana masikio ya kusikia kupita ukuta. Sasa hivi amelala. Wewe soma ukiwa umekaa.

Nilikwambia kuwa kituo cha redio kinahama. Lile jengo la zamani, ambamo baba yako alikuwa fundi mitambo hadi akastaafu, na marehemu mama yako akatangaza hadi alipougua, litavunjwa. Mimi wamenipa mkataba wa kuandika programu ya kuhamisha sauti za miaka yote kwenda kwenye mitambo mipya. Wamenikalisha ghorofa ya juu, chumba cha uhariri. Dirisha moja, feni inayolalamika, na ukuta mzima wa matundu ya kuchomekea nyaya zinazotoka kila pembe ya jengo.

Usihofu, sikufundishi kompyuta. Elewa hili tu, maana bila hili mengine hayataeleweka. Mfumo unaochezesha sauti na picha umeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, na mimi naandika kwa nyingine iitwayo Python. Hao wawili hawasikilizani hata kidogo mpaka awepo mkalimani katikati yao. Huyo mkalimani ndiye tunayemwita viunganishi. Ukimsimika vizuri, mimi nasema kwa lugha yangu, "Fungua sauti ile, ipitishe hapa, itoe pale," naye anaufikishia mfumo. Ukimsimika vibaya anakugeuzia uso. Mkalimani wa toleo hili, mfumo wa toleo lile, basi unaambiwa maktaba haipo, na maktaba unaiona kwa macho yako imekaa kwenye folda inakutazama.

Wiki nzima alikuwa akinigeuzia uso. Naondoa, naweka upya, najenga kutoka mwanzo, naambulia maandishi mekundu skrini nzima. Mwenzangu wa chumba kile, mhariri wa sauti tunayemwita Kimya kwa sababu maneno yake ya mwezi yanaenea kwenye kijiko, alikuwa ananiangalia tu na kutikisa kichwa.

Alhamisi hiyo, Mjomba alimuaga dada yake kwamba anakwenda kulala kwa rafiki yake, yule dereva mstaafu mwenye redio nyingi. Shangazi yako akamwambia achukue sweta. Hakuna aliyewaza zaidi ya hapo. Mtu mzima akiaga, huna la kuuliza.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana, mkalimani akakubali. Nilibonyeza, nikasubiri ule wekundu, haukuja. Nikamwambia Kimya, "Ameongea!" Yeye akainua kidole gumba bila kugeuka.

Jaribio la kwanza siku zote ni dogo. Unauomba mfumo ukupe mluzi wa majaribio, ule wa "tiiii" uliokuwa ukisikika redio inapofungwa. Nikavaa hedfoni. Mluzi haukuja. Nilikuwa nimekosea neno moja, na badala ya kuomba mluzi nikawa nimeuambia mfumo ufungue mlango wa sauti wa kwanza utakaouona katika jengo zima.

Nilichosikia kwanza ni utulivu. Lakini Chiriku, utulivu uko wa aina mbili. Kuna ule wa waya mkavu, na kuna ule wa chumba. Huu ulikuwa wa chumba. Unasikia kuna kuta, kuna sakafu, kuna mtu. Kisha nikasikia pumzi. Inavutwa kwa shida, inakaa, inatoka kama mtu anayeshusha mzigo. Nikadhani ni pumzi zangu mwenyewe. Nikazibana. Ile nyingine ikaendelea.

Nikiwa nimebana pumzi hivyo, mwanamke akasema, karibu kabisa na maikrofoni, taratibu:

"Usilale."

Pumzi ile ikagugumia kitu, kama mtu anayeitikia usingizini. Sauti ya mwanamke ikarudi, bila haraka, kama anayesoma taarifa anayoijua kwa moyo:

"Usilale. Mtoto anakuja."

Unajua ni nani peke yake duniani aliyekuwa akiniita "mtoto," hata nilipoota mvi. Sina haja ya kukutajia. Nilikaa palepale, mikono mezani, na machozi yakatoka kabla sijajua kama ninalia.

Kimya aliniona. Akaja, akazivua hedfoni kichwani mwangu, akaweka upande mmoja sikioni. Kumbuka huyu mtu alianza kazi pale akiwa kijana, chini ya mama yako. Uso wake ulibadilika rangi. Akaangalia skrini, akaangalia ukuta wa nyaya, akafuata waya mmoja kwa kidole hadi kwenye kibao kilichofutika maandishi.

"Studio ya chini," alisema.

"Si ilihamishwa yote wiki iliyopita?"

"Ilihamishwa."

Nikashuka ngazi mbilimbili. Kimya alibaki na zile hedfoni, na sikumwita. Kwenye ngazi nikapishana na fundi umeme aliyebeba koleo na tochi. Akaniambia nisizunguke huko, anakwenda kukata umeme wa ghorofa ya chini, kisha mlango unafungwa moja kwa moja. Nikamshika mkono, nikamwambia asikate, chini kuna mtu. Akacheka.

Askari wa getini akaja na yeye. "Hakuna mtu huko. Kufuli nimefunga mimi, ufunguo ninao mimi."

"Basi fungua."

"Nifungue nini, chumba kitupu?"

"Nimemsikia anapumua."

Hapo wakatazamana. Askari akapunguza sauti, akasema wasafishaji nao walishasema chumba kile kina mtu asiyeonekana, na kwamba mambo ya namna hiyo huachwa yalivyo. Fundi umeme akarudi nyuma hatua moja, koleo mkononi. Nikawa sijui nimwambie nini mtu ambaye tayari ananiamini, ila ameniamini vibaya. Nikamwambia, "Kama ni wa namna hiyo, hatakosa hewa. Kama ni binadamu, atakosa. Fungua."

Akafungua. Unaikumbuka milango ile miwili mizito, mmoja nyuma ya mwingine, iliyowekwa ili hata ngurumo isipite. Ndani taa ilikuwa inawaka. Sponji za ukutani zimebanduliwa nusu, viti vimeondoka, mashine zimeondoka, kumebaki meza moja iliyogongomewa sakafuni na maikrofoni moja juu yake, kwa kuwa waya wake umepita ndani ya ukuta. Chini ya meza alikuwa amelala baba yako, ubavu, na sweta lake chini ya kichwa.

Macho yalikuwa wazi. Midomo imekauka, imepasuka. Nikapiga magoti, nikamwita. Aliniangalia kidogo, kisha akaangalia juu kidogo ya bega langu, akasema kwa ile sauti yake ya kulaumu:

"Umechelewa. Tangu asubuhi anasema unakuja."

Nilipogeuka nyuma yangu kulikuwa na fundi umeme tu, ameshika mdomo.

Yaliyotokea yalieleweka baadaye, na hayo ni ya kawaida. Alikuwa na ufunguo wa mlango wa nyuma wa studio ile, ambao hakuurudisha alipostaafu. Alitaka kukaa mara moja zaidi mahali mkewe alipokuwa akikaa, kabla hawajapavunja. Basi. Aliingia Alhamisi jioni, akawasha taa, na kwa mazoea ya fundi akawasha na maikrofoni. Alipokuwa anainuka, mguu ukateleza juu ya bomba la nyaya. Nyonga ikaenda. Simu ilikuwa kwenye koti, koti liko nyumbani. Alipiga kelele hadi sauti ikakauka, katika chumba alichokiziba yeye mwenyewe enzi za ujana wake ili kelele zisitoke.

Wewe ni muuguzi, utanieleza kuhusu maumivu na kiu na akili ya mzee aliyelala sakafuni usiku kucha. Nimejieleza hayo yote. Mgonjwa anaweza kumsikia anayempenda. Sawa. Ila mimi sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimeshiba wali, nimekaa kwenye kiti. Wala mle chumbani hamkuwa na mashine wala kanda, hamkuwa na redio, hata kijidude cha kutoa sauti. Niliangalia kila pembe wakati tunamsubiri daktari. Na programu yangu haikuhifadhi kitu. Sehemu ya kuhifadhi sikuwa nimeiandika bado.

Jingine dogo, kisha niliache. Umeme wa chini umekatwa. Ile maikrofoni imeng'olewa, na waya wake fundi ameukata mbele yangu. Lakini kila asubuhi ninapouliza mfumo milango yote ya sauti iliyopo, studio ya chini bado inatajwa, tena ya kwanza. Nimemweka upya mkalimani, nimebadilisha na kompyuta. Bado. Wataalamu wenzangu wanasema ni kumbukumbu iliyobaki mahali, na huenda ni kweli. Sijaufungua mlango ule wa sauti tena. Naupita, nasema shikamoo moyoni, nafanya kazi yangu.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Siku ile Kimya alibaki juu na zile hedfoni hadi fundi alipomaliza kukata umeme. Nilimuuliza alisikia nini, akanijibu, "Usiniulize." Nikadhani ni hofu tu. Jumatano iliyopita akaja hapa nyumbani, amevaa shati la heshima, akaomba kumwona Mjomba. Waliingia chumbani wakafunga mlango. Mimi na shangazi yako tulikaa sebuleni tumetega masikio kama panya, na hatukuambulia kitu. Mtu yule, ambaye sijawahi kumsikia akiunganisha sentensi mbili, alizungumza hadi chai ikapoa.

Alipotoka, macho yalikuwa mekundu. Akaaga kwa kichwa, akaenda zake.

Nikaingia. Baba yako alikuwa amekaa kitandani, mikono juu ya shuka, ametulia namna ambayo sijamwona tangu tumzike mama yako. Nikamuuliza Kimya amemwambia nini. Akasema, "Amenisomea taarifa ya mke wangu. Mimi nilizimia katikati, sikusikia mwisho wake." Nikamuuliza mwisho wake ulikuwaje. Akaniambia sehemu yangu nilishaisikia, inanitosha. Yake anayo. "Iliyobaki," akasema, "ni ya binti yangu. Nitampa hapahapa, uso kwa uso. Si kwenye simu."

Hujarudi nyumbani tangu mazishi, nami sijakuuliza kwa nini, wala leo siulizi. Lakini nimemwangalia mzee. Kila jioni anauliza kama umepiga, na ukipiga anazungumza nawe habari za mvua, kisha anakata simu na kulirudia jambo fulani kwa midomo tu, bila sauti, asije akalisahau. Mzee wa miaka ile, Chiriku. Hilo neno analibeba kama maji kwenye viganja. Omba likizo. Wakikunyima, omba tena.

Shangazi yako anakusalimu, anasema chumba chako amekifagia, usimwambie hukuambiwa. Mdogo wangu na mkewe wanakusalimu, na mapacha wao, ambao sasa wanabishana kama watu wazima. Yule dereva mstaafu anakusalimu pia, na bado anajilaumu kwa ugeni ambao haukufika kwake. Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba ya mtu wanayemjua kwa picha.

Mola akufunike huko uliko, akufungulie njia, na akufikishe hapa baba yako akiwa bado analikumbuka.

Ni mimi wako, nikupendaye wa karibu na wa mbali,

Kobe.