Droni ya Jeshi Imestaafu

Dada Boke,
Tumsifu Yesu Kristo. Huku Musoma tu wazima, mjukuu kaota meno. Ile droni ya jeshi tuliyokuwaga tunaichukia, eti inatuchungulia tukioga ziwani, imestaafishwa. Jumapili askari alikuja kanisani kutuambia. Nikapiga vigelegele, nikapaza sauti, "Iende, mchungulia uchi!" Watu wakacheka.

Mume wangu Kasmiri hakucheka. Mtumbwi wake ulipopinduka mwaka jana, ni hiyo droni iliyomwona akielea na dumu, wanajeshi wakaja kumwokoa. Akasimama peke yake, akampa askari mkono: "Asante, afande."

Nyumbani akaniuliza kwa upole, "Mama Gody, siku ile ingefumba macho, ningekuwa hai?"

Nikabeba ndoo kwenda ziwani, na maji nyumbani yalikuwa tele.

Niombee, dada. Mwenyewe nikipiga goti naona aibu.

Mdogo wako,
Naomi